Kimbunga Milton na mechi ya USF dhidi ya Memphis wiki hii, itachezwa ama?

Kapteni_Kario · Jumatatu usiku, Oktoba 7, 2024

Wasee salamu. Naomba msaada wa wale mnafuata hii futiboli ya vyuo vya Marekani, hapa kwetu nimegeuzwa ofisi ya habari na mimi mwenyewe najua tu kwamba mpira wao si wa duara.

Iko hivi. Binamu yangu anasoma University of South Florida (USF) pale Tampa na ako kwa bendi ya chuo, ile inaingia uwanjani wakati wa mapumziko. Tarumbeta alijifunza hapa hapa Nairobi kwa bendi ya Jeshi la Wokovu, sasa mnaweza kujua anti yangu, mamake, anavyotembea kichwa juu hii Kariobangi. Ijumaa hii wanacheza nyumbani na Memphis, ni usiku kwao, kwetu itakuwa ishafika alfajiri ya Jumamosi, na anti ashaalika ploti nzima, unga wa mandazi umenunuliwa, projekta tumeazima kwa vijana wa kanisa, mimi ndio nimepewa kazi ya kutafuta strimu.

Halafu ndio huyu Milton akaingia. Jana mchana ndio ilipandishwa kuwa kimbunga, leo wanasema ni kategori ya 5, upepo karibu kilomita 290 kwa saa, na inaelekea Tampa. Anti ameona kwa taarifa ya saa moja na tangu hapo simu yangu haijapoa. Maswali yake naandika venye ameuliza: mechi itachezwa ama haitachezwa, nani huamua, wakiihamisha bendi inaenda ama inabaki, na kwa nini hawajaifuta mpaka saa hii kama kweli wanajali watoto wa watu. Dogo mwenyewe ukimpigia anasema tuko sawa msijali halafu anakata, na hiyo ndio inamtia mamake wasiwasi zaidi.

mtu_wa_tope

Si wacheze tu bana. Sisi Toyoyo kabla iwekwe nyasi bandia tulicheza mpira ukielea, unapiga pasi inakwama kwa maji katikati na refa anasema endelea. Hao wamevaa helmeti na mabega ya plastiki wanaogopa mvua?

Mzee_wa_Orlando

Mvua hawaogopi, hao watu hucheza kwa mvua na kwa theluji na mashabiki wamekaa hapo hapo. Kitu cha angani kinachosimamisha mechi ikiendelea ni radi. Ikipiga ndani ya maili 8, kama kilomita 13 hivi, wachezaji wanaingia ndani na watu wanaondolewa kwa viti, na hamrudi mpaka dakika 30 zipite bila nyingine, ikipiga tena hesabu inaanza upya. Nimewahi kukaa chini ya ngazi za stediamu hivyo mpaka hamu ya mpira ikaniisha.

Kimbunga ni mambo mengine, na karibu yote hayahusu uwanja wenyewe. Nilikaa Orlando miaka mingi nikifanya kazi ya kutunza wazee usiku kwa hivyo hiyo wiki naijua. Kwanza maji ya chupa yanaisha dukani. Halafu petroli, unafika kituoni unapata mdomo wa kila pampu umevalishwa mfuko wa plastiki, maana yake hakuna, songa mbele. Watu wanapigilia mbao madirishani, wanajaza bafu maji ya kumwaga chooni. Kazini sisi tulikuwa tunaandika jina la mgonjwa na dawa zake kwa karatasi, tunaziweka kwa mfuko usioingia maji na kumfunga mkononi, ndio akihamishwa usiku bila sisi, anayempokea ajue ni nani.

Sasa Kapteni jiulize mechi inahitaji nini. Inahitaji mamia ya polisi, na hao polisi wiki hii wako barabarani wanaondoa watu pwani na baadaye watakuwa wakiwatafuta waliobaki. Inahitaji ambulensi. Inahitaji hoteli za timu ngeni, marefa, watu wa televisheni, na hizo hoteli sasa zimelaliwa na familia zilizokimbia na mbwa wao. Inahitaji uwanja wa ndege na wa Tampa unafungwa kesho asubuhi. Inahitaji barabara, na I-75 kwenda kaskazini sasa hivi wameruhusu magari yapite hadi pembeni kwa bega la barabara na bado hayasongi, chukua ile jam ya Naivasha ya tarehe 24 Disemba uiongezee hofu. Yaani hata kimbunga kikipita na nyasi zibaki kijani na jua liwake Ijumaa, mechi inaweza kukosa kuchezwa kwa sababu hakuna mtu wa kuilinda.

Nani huamua: chuo cha nyumbani na ligi yao, hii yao inaitwa American Athletic Conference, wakisikiliza kaunti na watu wa dharura, na televisheni nayo ina sauti yake. USF pia hawana stediamu yao, wanatumia Raymond James ya Buccaneers, timu ya kulipwa ya Tampa, kwa hivyo hata uwanja wenyewe una mwenyewe.

Mwambie anti kutofutwa mapema si kutojali. Wanasubiri kujua kama wanaweza kuisogeza, maana kuifuta ni rahisi, kuirudisha kwa ratiba ndio kazi. Nitarudi kwa hiyo, naenda kumalizia kazi ya mtu hapa.

Wingu_Jeusi

Kwa upande wa hali ya hewa niongeze kidogo, maana naona watu wanasambaza ile ramani ya koni na kuisoma vibaya.

Ile koni nyeupe inayotolewa na National Hurricane Center ya Miami haionyeshi ukubwa wa dhoruba. Inaonyesha tu njia ambayo kitovu chake kinaweza kupita siku zijazo, na hata hivyo kitovu mara nyingine hutoka nje ya koni. Mvua na upepo huenda mbali sana nje ya huo mstari. Kwa hivyo mtu akisema mji fulani uko nje ya koni basi mechi yao iko salama, huyo anasoma ramani kama ya matatu. Wanatoa taarifa mpya kila saa 6, anti akitaka kufuata afuate hizo, aachane na video za WhatsApp, nyingi ni za miaka mingine.

Pili, kategori ni upepo peke yake. Kikifika kilomita 119 kwa saa kinaitwa kimbunga, kutoka hapo ni 1 mpaka 5. Lakini kinachoua sana ni maji, na Tampa ndio balaa kwa sababu ghuba yao ni fupi kwa kina, upepo ukisukuma bahari ndani maji hayana pa kwenda ila juu kwa nyumba. Hawajapigwa moja kwa moja na kimbunga kikubwa tangu 1921, sehemu kubwa ya mji imejengwa baada ya hapo. Halafu wiki mbili hazijaisha tangu kimbunga Helene kipite, vitanda na friji na mbao za watu bado ziko kando ya barabara kwa marundo, upepo wa Milton ukizibeba kila kitu ni kombora.

Na msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, kilele katikati ya Septemba. Futiboli ya chuo inaanza mwisho wa Agosti. Kwa hivyo wakigongana kila mwaka hakuna ajabu yoyote.

mtu_wa_tope

Wingu na mbona sisi haitupati hii kitu? Si bahari tunayo.

Wingu_Jeusi

Tuko karibu sana na ikweta. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kujisokota, na hapa kwetu hiyo nguvu ni ndogo mno. Ukishuka kusini kidogo inawezekana, Hidaya ya Mei mwaka huu iliingia Tanzania pale Mafia, sisi Pwani tukapata upepo na mawimbi tu. Yetu ni mafuriko ya mvua za kawaida, na hizo za Aprili hapa Mathare hatujazisahau.

Odds_Za_Jioni

Poleni na kimbunga lakini mimi nina swali la maana. Nimeweka multibet na Memphis wako ndani, wengine wote ni EPL. Mechi ikisogezwa naumia ama?

Kapteni_Kario

Odds wewe una roho ngumu jameni 😂 anti asione hii.

Mzee_wa_Orlando

Odds soma masharti ya kampuni yako, kila moja ina masaa yake. Mara nyingi mechi ikiahirishwa kupita muda waliouweka wanaitoa kwa tiketi, inahesabiwa odds ya 1.00 na zingine zinaendelea, hela yako haipotei ila ushindi unapungua. Ikihamishwa uwanja wengine huifuta pia kwa sababu timu ya nyumbani si ya nyumbani tena.

Sasa Kapteni nimerudi kwa ile ya kusogeza. Msimu wao ni mechi 12 peke yake, wiki ya kupumzika ni moja ama mbili. Si kama ligi yetu mechi inaahirishwa Machi inakuja kuchezwa siku ambayo hata kocha ashafutwa. Kule kila Jumamosi ina mwenyewe, na mwanzo wa Disemba ni fainali za ligi. Ukifuta moja unagusa watu wengine.

Mfano ninaoupenda ni wa 2016, Kimbunga Matthew. LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, walikuwa waende Gainesville kucheza na Chuo Kikuu cha Florida Oktoba 8. Florida wakasema haiwezekani, mechi ikaahirishwa, kimbunga chenyewe kikapita pwani ya mashariki na Gainesville ambayo iko bara haikuguswa sana. Aisee kelele zilipigwa. LSU wanasema tulikuwa tayari kucheza hata Jumapili, Florida wanasema polisi wetu wako pwani nani angelinda mechi, mashabiki wa LSU wanasema mnatuogopa. Wiki nzima watu wazima wanarushiana maneno kwa magazeti. Mwisho ligi ikalazimisha tarehe Novemba 19, na badala ya Gainesville ikapelekwa Baton Rouge, nyumbani kwa LSU, halafu LSU waende Gainesville miaka miwili mfululizo kulipa. Timu zote mbili zikavunja mechi walizokuwa nazo siku hiyo na timu ndogo. Na unajua nani alishinda? Florida, 16 kwa 10, ugenini, wakazuia mpira kwa mstari kabisa mchezo wa mwisho. Mimi si wa Florida lakini hiyo siku nilicheka peke yangu kwa basi.

Nyingine ni Irma, Septemba 2017. Florida State mechi yao na Louisiana-Monroe ikafutwa, kila mtu akasema ni timu ndogo achana nayo. Ikaja kurudishwa Disemba 2, na kufika hapo Florida State wameharibu msimu, wana ushindi 5, na unahitaji 6 ndio uende mechi za bakuli za mwisho wa mwaka. Ile mechi iliyodharauliwa ndio ikawaokoa, 42 kwa 10. Sasa mtu akiniambia si wafute tu namuuliza unajua Disemba utakuwa unahitaji nini?

Shiko_wa_Ngara

Mimi naona nyinyi wanaume mnazunguka ukweli. Ni pesa. Wiki mbili hazijaisha tangu Helene izamishe milima ya North Carolina, watu wanatafutwa kwa tope, na bado tunajadili mechi itapelekwa wapi. Mtoto wa watu ako Tampa anatakiwa kukimbia na wakati huo huo anangoja ujumbe wa bendi kujua kama arudi Ijumaa. Ningekuwa anti ningesema tarumbeta ibaki ndani ya sanduku.

Mzee_wa_Orlando

Shiko dadangu pesa iko, siwezi kukataa. Irma hiyo hiyo, chuo cha Miami walikataa kusafiri kwenda Arkansas State, wakisema wakienda watakwama huko na familia zao ziko Florida, wale wakawapeleka kortini wakidai dola 650,000 za mkataba. Kwa hivyo kuna wakili nyuma ya kila uamuzi.

Lakini pia wanajua kufuta. Hiyo Helene unayosema, Appalachian State wako Boone, hapo hapo milimani, mechi yao na Liberty ilifutwa kabisa. Florence ya 2018 ilifuta mechi kadhaa Carolina na hazikurudi. Na Katrina 2005, LSU mechi yao na Arizona State ilikuwa nyumbani ikapelekwa Arizona kwa sababu chuo kilikuwa hospitali, ukumbi wao wa basketiboli ulijaa wagonjwa waliotolewa New Orleans. Tulane, chuo cha New Orleans kwenyewe, walihama mji, walicheza mechi 11 kwa viwanja 11 tofauti, mwaka mzima hakuna nyumbani. Jiulize hao vijana walikuwa wanasoma saa ngapi.

Shiko_wa_Ngara

Sasa hiyo ya Tulane ndio unaniambia kunituliza? Viwanja 11! Hiyo ni sifa ama ni aibu?

Mzee_wa_Orlando

Zote mbili.

Kapteni_Kario · Jumanne

Nimempata dogo hatimaye. Wako njiani kwenda Georgia, wanne kwa gari moja ya rafiki yake, wametoka Tampa usiku na saa hii bado wako Florida. Anasema kila kituo ni foleni, wamebeba jeri la petroli nyuma na madirisha wameyafungua sababu ya harufu, na tarumbeta ako nayo miguuni kwa sababu ni ya chuo na ikipotea atalipa. Kule anakokaa si zoni A wala B, zile zimeambiwa zihame, lakini amesema wenye nyumba wote wa hapo wamehama naye hatabaki kulinda nyumba ya mtu. Meya wa Tampa amesema waziwazi kwa televisheni kwamba atakayebaki maeneo ya kuhamishwa atakufa. Anti alisikia hiyo, akakaa chini.

Kuhusu mechi anasema kikundi chao cha bendi kimenyamaza, wameambiwa tu kila mtu atafute usalama wake kwanza. Shiko hiyo nadhani inajibu lako kidogo.

Hao Buccaneers wenyewe kumbe wamehamia New Orleans mapema, wana mechi huko Jumapili, kwa hivyo wamepaki mabegi wakaenda siku kadhaa kabla. Ukiwa na ndege yako maisha ni rahisi.

Odds_Za_Jioni

Imetoka imetoka! Imesogezwa Jumamosi tarehe 12 na inachezwa Orlando, Camping World Stadium. Kampuni yangu bado wanaonyesha Ijumaa, sijui nicheke ama nilie.

mtu_wa_tope

Ebu ngoja. Hii ramani Milton anatoka Tampa anapita Orlando anatokea baharini upande wa pili. Wamehamisha mechi kutoka njia ya kimbunga kuipeleka njia ya kimbunga? Hao ni wazima?

Wingu_Jeusi

Swali zuri na jibu ni bahari. Orlando iko bara, maji ya bahari hayafiki, na kimbunga kikishaingia nchi kavu kinapoteza chakula chake ambacho ni maji ya joto. Hiki kinatarajiwa kuingia Jumatano usiku na Alhamisi asubuhi kishatokea Atlantiki, kwa hivyo Orlando wanabaki na karibu siku mbili za kuokota matawi na kurudisha stima. Tampa hata wakiponea hawawezi kupata polisi wa mechi Ijumaa.

Mzee_wa_Orlando

Na USF wameshazoea. Ian ya 2022 mechi yao na East Carolina ilipelekwa Boca Raton kwa uwanja wa chuo kingine, wakapigwa 48 kwa 28. Hiyo wiki hiyo hiyo Florida walisogeza yao siku moja tu, kutoka Jumamosi hadi Jumapili, na UCF, chuo cha Orlando, wakaisogeza mpaka Jumatano. Dhoruba moja, majibu matatu, kila mmoja na polisi wake na umbali wake kutoka baharini.

Kapteni bendi sidhani itajaa. Hata kama chuo kitaleta mabasi, watoto wametawanyika majimbo mawili matatu. Mwandae anti.

Kapteni_Kario · Alhamisi

Imepita. Dogo ako sawa, bado Georgia, wamelala kwa kanisa la Wakenya huko, wamepikiwa ugali. Tampa haikuzama!

Wingu_Jeusi

Haikuzama kwa sababu Milton aliingilia Siesta Key, kusini mwa Tampa, akiwa kategori ya 3. Upepo kaskazini mwa kitovu ukawa unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, ukanyonya maji ya ghuba mpaka watu wakaona tope chini. Kingepita juu kidogo tungekuwa tunaongea lugha nyingine. Mvua ndio ilimwagika, St. Petersburg imepata zaidi ya milimita 450 siku moja, na paa la kitambaa la Tropicana Field limeraruliwa lote, uwanja wa besiboli huo, walikuwa wameupanga kwa vitanda vya kulaza wafanyakazi wa dharura, bahati waliwatoa kabla. Na waliokufa wengi si wa Tampa, ni upande wa pili kabisa wa jimbo, Kaunti ya St. Lucie, vimbunga vidogo vya ardhini vilitangulia na kuangusha nyumba za wazee. Ndio maana nilisema msiutegemee mstari wa koni.

Shiko_wa_Ngara

Poleni sana huko. Na bado watacheza Jumamosi?

Mzee_wa_Orlando

Watacheza. Watu zaidi ya milioni 3 walikuwa hawana stima kwa hivyo wengi wataisikiliza kwa redio ya gari kama wataisikiliza. Nimeongea na mtu niliyekuwa nafanya kazi naye, bado ako huko, anasema ataenda uwanjani kwa sababu nyumbani kwake hakuna feni na stediamu ina stima. Sababu kama hizo huwezi kuzijua ukiwa mbali. Wewe Shiko unaona pesa, yeye anaona feni.

Shiko_wa_Ngara

Haya hapo umenipata kwa feni, lakini kwa pesa sijatoka.

Kapteni_Kario · Jumapili

Matokeo: Memphis 21, USF 3. Kwa wale mmeniuliza inboksi, ndiyo tuliitazama, ploti ikaja, na saa ilikuwa ya binadamu kuliko ile ya alfajiri. Dogo hakuwepo, alikuwa bado hajarudi. Anti alijua lakini alikaa mpaka mapumziko na wakati ule kamera ikaenda kwa matangazo ya magari na ya bima, bendi hatukuiona hata dakika. Akaniuliza kwa hivyo hata angekuwa huko nisingemwona? Sikujibu, nilipeleka vikombe jikoni.

Strimu ilikatika mara nyingi, mtu_wa_tope alikuja kumbe ni jirani yetu wa lango la pili na mandazi alikula kuliko wote. Vijana wa kanisa projekta yao wanaitaka kesho.

mtu_wa_tope

Mandazi yalikuwa mengi bana yangeharibika.

Odds_Za_Jioni

Memphis wameshinda, na kampuni ilikuwa imeitoa kwa tiketi yangu Ijumaa usiku. EPL nayo haikuwepo, ni wiki ya timu za taifa, mechi zangu zote ni za Jumamosi ijayo. Msiniongeleshe.

Mzee_wa_Orlando

Kapteni kwa mechi zijazo mwambie anti bendi aitafute kwa YouTube, mashabiki hurekodi onyesho zima wakiwa kwa viti, televisheni haina habari nayo. Na Novemba 3 Wamarekani wanarudisha saa nyuma, kwa hivyo kutoka siku hiyo tofauti yetu na Tampa inakuwa saa 8, si 7. Mechi ya saa sita mchana kwao mliyokuwa mnaitazama saa moja jioni itakuwa saa mbili, ambia wenye projekta mapema.